Dakika Kumi za Mwanzo: Dharura Katika Makaazi ya Wazee na Namna ya Kuwafundisha Wahudumu

Katika makaazi ya wazee, iwe Sebleni au Welezo kwa Unguja, Limbani kwa Pemba, au nyumba ndogo inayoendeshwa na watu wa mtaa, anayefika mwanzo penye dharura ni nadra kuwa daktari. Ni mhudumu aliyekuja kubadilisha shuka, mpishi aliyeleta uji, au mlinzi aliyesikia kishindo chooni. Gari ya wagonjwa ikija haraka kiasi gani, ubongo uliokosa hewa huanza kuumia ndani ya dakika nne mpaka sita. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa watu hao, na wa msimamizi mwenye jukumu la kuwafundisha. Hauchukui nafasi ya daktari wala muuguzi. Unajaza muda wa kabla hawajafika.

Hali ya kawaida ndiyo kipimo cha kwanza

Dharura nyingi za mzee huja kimya. Kijana mwenye maambukizi makali hutetemeka kwa homa, lakini mtu wa miaka 80 anaweza kuwa na maambukizi hayo hayo joto lake likiwa 36, na dalili pekee ikawa kwamba leo amekataa uji, au anamwita mhudumu kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Mshtuko wa moyo kwa mzee mwenye kisukari unaweza kupita bila maumivu ya kifua, ukaonekana kama jasho la baridi, pumzi fupi na uchovu usioeleweka. Asiyemjua mzee huyo atasema ni uzee tu. Kuchanganyikiwa kulikoanza jana au leo si uzee. Ni ugonjwa mpaka ithibitike vyengine, na ni sababu tosha ya kumwita muuguzi.

Ndiyo maana kila mzee awe na kadi yake ya dharura, karatasi moja ndani ya plastiki, ikae pamoja na sanduku la dharura badala ya kabati la ofisi. Iandikwe jina, umri, maradhi, dawa zote na vipimo vyake, dawa anazodhurika nazo, kama anatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi kama warfarini, jamaa wawili wa kupigiwa simu na jina la shehia anayotoka. Halafu mistari mitatu ya hali yake ya kawaida: anatembeaje, anazungumzaje, anakula nini. "Anatembea kwa mkongojo, anajua siku, mkono wa kulia dhaifu tangu kiharusi cha zamani." Mstari huo wa mwisho peke yake unaweza kumzuia daktari asiuhesabu udhaifu wa zamani kuwa ni mpya.

Mara moja kwa wiki, mzee akiwa mzima, mpime presha, mapigo, pumzi, joto na oksijeni, uandike kwenye kadi. Pumzi hesabu dakika nzima, bila kumwambia kwamba unahesabu, maana akijua hubadilisha. Namba zifuatazo, hata ikiwa ni moja tu, zinatosha kupiga simu bila kusubiri asubuhi:

- pumzi 25 au zaidi kwa dakika, au 8 na chini ya hapo
- oksijeni 91 au chini (isipokuwa daktari ameandika kiwango chengine kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu)
- namba ya juu ya presha ikiwa 90 au chini
- mapigo 131 au zaidi, au 40 na chini
- joto 35 au chini
- mzee ambaye ghafla hajitambui vizuri, au anaamka kwa shida

Vipimo navyo hudanganya. Kidole kilichopakwa piko au hina iliyokoza kinaweza kutoa namba ya oksijeni isiyo sahihi. Tafuta kidole kisichopakwa, na kama mkono ni wa baridi usugue kwanza. Kidole kilichoshika tende au halua kitaonesha sukari ya juu hali ya kuwa mzee anaishiwa. Osha kwa maji na sabuni, kausha, ndipo utoboe. Mkanda wa presha ulio mdogo kwa mkono mnene huongeza namba, kwa hiyo kituo kiwe na mikanda ya saizi mbili.

Jambo moja hapa linahitaji msisitizo. Ukimpima mzee ukakuta presha 190 naye hana dalili yoyote, mkalishe, asubiri robo saa, mpime tena, mpe taarifa muuguzi. Usimwekee nifedipini, dawa ya kushusha presha, chini ya ulimi ili ishuke upesi. Presha inayoshushwa ghafla huunyima ubongo damu, na mzee aliyekuwa anazungumza anaweza kupata kiharusi mbele yako.

Sanduku, funguo na salio

Sanduku la dharura likae ukumbini, mahali ambapo mtu wa zamu yoyote analifikia ndani ya dakika moja. Likifungiwa stoo na ufunguo ukaenda nyumbani na msimamizi, ni sawa na kutokuwepo. Ndani yake viwemo glavu, pamba na bendeji pana, mkasi, barakoa ya kupumulishia yenye valvu, mashine ya sukari na vijiti vyake, mashine ya presha, kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kipimajoto, tochi mbili, pakiti za ORS (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha), sukari iliyofungwa kwenye vikaratasi vya vijiko vinne, shuka imara la kubebea, daftari na kalamu. Kituo chenye muuguzi aliyefunzwa kitaongeza ambu (mfuko wa kumpumulishia mgonjwa kwa mkono) na mtungi wa oksijeni.

Kuna vitu vitatu vinavyoharibika hapa visiwani kuliko watu wanavyodhani. Vijiti vya sukari huharibiwa na unyevu: kifuniko kisiachwe wazi, na siku ya kukifungua kichupa iandikwe juu yake, kwa sababu vingi hutakiwa kutumika ndani ya miezi mitatu mpaka sita baada ya kufunguliwa hata kama tarehe ya kiwandani bado. Betri za tochi zikikaa ndani hushika kutu. Ziweke pembeni kwenye mfuko mkavu na umfundishe kila mtu kuzitia gizani. Na sukari, ikiwa haijafungwa, huishia kwenye chai ya zamu ya usiku. Fungeni sanduku kwa utepe wa karatasi wenye tarehe na saini. Utepe ukiwa mzima, anayepokea zamu anajua hakuna kilichotoka. Ukiwa umekatwa, anahesabu upya.

Simu ya kituo iwe na salio na chaji muda wote, na namba zibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa: hospitali ya karibu, dereva wa gari ya wagonjwa, muuguzi wa zamu, msimamizi, sheha, na majirani wawili wenye gari waliokubali kuamshwa usiku. Namba hizo zipigwe kila mwezi kuhakikisha zinapatikana. Kwa Pemba jambo hili lina uzito wake. Anayetoka Limbani ana hospitali ya Wete karibu, lakini rufaa inaweza kumpeleka Chake Chake au Abdulla Mzee kule Mkoani, na baadhi ya wagonjwa huishia kuvushwa bahari kwenda Mnazi Mmoja. Kila saa inayopotea nyumbani huongezwa juu ya safari hiyo.

Kuanguka

Hii ndiyo dharura itakayowakuta mara nyingi zaidi, na mahali pake ni panapojulikana: chooni na kwenye bomba la kutawadhia, karibu na alfajiri, sakafu ikiwa na maji na taa ikiwa imezimwa au umeme umekatika. Stuli imara ya kukalia wakati wa udhu, vyuma vya kushikia ukutani, taa ya chaji na mpira wa kuzuia utelezi vinazuia mifupa mingi kuvunjika kuliko mafunzo yoyote yanayofuata hapa.

Mzee akianguka, kitu cha kwanza ni kutomnyanyua. Silika ya kila mtu ni kumshika makwapani na kumsimamisha, tena kwa huruma, kwa sababu ni aibu mzee kulala chini. Msitiri kwa kanga, piga magoti karibu naye, muulize kimeuma wapi na kama alipiga kichwa. Angalia miguu yote miwili: mguu uliofupika na unyayo wake kugeukia nje ni dalili ya nyonga iliyovunjika. Maumivu ya shingo, ganzi, mguu usiosogea, kupoteza fahamu hata kwa sekunde chache: yoyote katika haya, abaki alipo, mto katikati ya miguu, joto lake lihifadhiwe, gari iitwe. Wakati wa kumhamisha, watu wanne washike shuka au machela na mmoja atoe amri, "moja, mbili, tatu, inua". Asipewe chakula wala kinywaji, maana huenda akahitaji upasuaji.

Kama hana maumivu, hakupiga kichwa na anazungumza kama kawaida yake, basi ainuke kwa nguvu zake, nanyi muwe wasaidizi. Leteni viti viwili. Ageuke ubavu, kisha apige magoti kwa mikono na miguu. Kiti kimoja kiwe mbele yake aweke viganja juu yake. Akanyage kwa mguu wenye nguvu zaidi, asukume, na kiti cha pili kiletwe nyuma yake akae. Migongo ya wahudumu wengi imeharibika kwa kuiruka hatua hii.

Aliyepiga kichwa aangaliwe kwa saa 24 hata kama anacheka. Mwamshe usiku, mwulize jina na mahali alipo. Kutapika, kichwa kuzidi kuuma au usingizi mzito usio wa kawaida ni safari ya hospitali. Anayetumia warfarini au dawa nyengine ya damu nyepesi aende hospitali moja kwa moja, bila kusubiri dalili, kwa sababu damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu polepole kwa saa nyingi.

Kupaliwa na chakula

Mzee asiye na meno, aliyewahi kupata kiharusi, au anayelishwa akiwa amelala, yumo hatarini kila mlo. Pweza, nyama ya ng'ombe, muhogo mkavu, boflo lisilochovywa na samaki mwenye miba ndio wakosaji wakubwa. Akae wima mgongo ukiwa umenyooka wakati wa kula na nusu saa baada yake. Tonge ziwe ndogo. Mhudumu akae mbele yake, asilishe wawili kwa mpigo.

Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe na umtie moyo. Akishindwa kukohoa, sauti haitoki na mikono imekwenda shingoni, hapo ni kazi. Mwinamishe mbele, umtegemeze kifua kwa mkono mmoja, na kwa kisigino cha mkono mwengine mpige baina ya mabega mara tano, kwa nguvu, ukiangalia baada ya kila pigo kama kimetoka. Kisipotoka, simama nyuma yake, ngumi yako juu kidogo ya kitovu, mkono wa pili juu yake, vuta ndani na kwenda juu mara tano. Endelea kwa zamu, tano na tano. Kwa aliye kwenye kiti cha magurudumu funga breki kwanza, kisha ufanye ukiwa nyuma ya kiti. Akizimia, mlaze chini na uanze kukandamiza kifua. Kila unapotaka kumpulizia angalia mdomoni, na utoe kile tu unachokiona. Kidole kinachopapasa bila kuona huusukuma tonge ndani zaidi. Maji ya kumsindikizia nayo yasitolewe kabisa. Aliyebanwa tumbo akanusurika apelekwe kuangaliwa, kwa sababu viungo vya ndani vinaweza kuumia.

Sukari kushuka, na mwezi wa Ramadhani

Sukari iliyo chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L) ni dharura, hata kama mzee anasema yu mzima. Dalili zake ni jasho, mtetemeko, njaa, ukali usio wa tabia yake, na maneno kuchanganyika. Akiwa anameza vizuri, vunja kikaratasi kimoja cha vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu gilasi ya maji, anywe. Pima tena baada ya dakika 15; ikiwa bado, rudia. Ikipanda, ale kitu cha kukaa tumboni, mkate au uji, kwa sababu sukari ya maji huisha upesi.

Akiwa hajitambui, usimtie kinywaji mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu, chovya sukari kwa maji kidogo, paka ndani ya shavu la upande wa chini, na gari iitwe mara moja.

Mzee anayemeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, hawezi kuachiwa baada ya kupata nafuu. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, hasa figo zikiwa dhaifu, na sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye akiwa usingizini. Huyo ni wa hospitali au wa kupimwa kila baada ya saa moja au mbili kwa maelekezo ya daktari.

Sasa Ramadhani. Wazee wengi wenye kisukari hutaka kufunga, na kuwakataza kwa ukali huwafanya wafiche dalili mpaka wanapoanguka. Mazungumzo yaanze wiki sita mpaka nane kabla ya mwezi, daktari akibadilisha dawa na saa zake, na imamu wa msikiti wa karibu akiwepo. Imamu akisema mwenyewe kwamba kutoboa kidole kupima sukari hakubatilishi funga, na kwamba mgonjwa ana ruhusa, maneno hayo yana nguvu kuliko bango lolote. Wakati wa kufunga pimeni kabla ya daku, adhuhuri, alasiri, na saa mbili baada ya futari. Alasiri isirukwe, kwa sababu hapo ndipo sukari iko chini kabisa na wahudumu wengi wako jikoni. Sukari ikiwa chini ya 3.9, au ikipita 16.7, funga ifunguliwe saa hiyo hiyo, hata ikiwa imebaki robo saa adhana ilie. Na daku isiliwe saa sita usiku kwa ajili ya kuwahi kulala. Icheleweshwe karibu na alfajiri.

Kiharusi na degedege

Kwa kiharusi mambo matatu yanatosha. Mwambie atabasamu: mdomo unakwenda upande? Ainue mikono yote miwili, afumbe macho: mmoja unashuka? Aseme sentensi ndogo, au bismillahi yote mpaka mwisho: maneno yanaburuta? Moja likiwepo, ita gari. Pima sukari, kwa sababu sukari iliyoshuka huiga kiharusi kwa kila kitu na hutibika pale pale. Usimpe maji, dawa ya presha wala asprini. Kiharusi cha damu kuvuja na cha damu kuganda vinafanana kwa macho, na asprini humdhuru wa kwanza. Kisha uliza swali ambalo hospitali italiuliza: mara ya mwisho alionekana mzima lini? Aliyegunduliwa alfajiri saa yake haianzi alfajiri, inaanza alipokwenda kulala. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu. Kukandwa kwa mafuta kuna wakati wake baadaye, akishatoka hatarini.

Degedege: angalia saa, sogeza fanicha, weka nguo laini chini ya kichwa, na uache mwili ufanye unalofanya. Kijiko mdomoni huvunja meno, na kunusishwa kiatu au kitunguu hakusaidii kitu. Mtikisiko ukiisha mlaze ubavu. Ukizidi dakika tano, ukirudi kabla hajazinduka, au ikiwa hajawahi kupata kabla, ni hospitali. Hapa pia pimeni sukari.

Asiyepumua

Mwite kwa sauti, mtikise bega, inua kidevu, angalia kifua kwa sekunde zisizozidi kumi. Pumzi moja moja ya kukoroma, kama samaki aliyetolewa majini, si kupumua. Mmoja aanze kukandamiza, mwengine apige simu na kuleta sanduku.

Godoro hunywa nguvu zote za mikono yako. Mteremsheni mzee sakafuni kwa shuka. Ikishindikana, tieni ubao chini ya mgongo. Kisigino cha mkono katikati ya kifua, mikono imenyooka, kifua kishuke sentimita 5 mpaka 6 na kiachiwe kirudi chote, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Baada ya 30, pumzi mbili kwa barakoa. Bila barakoa endelea kukandamiza tu. Kuhesabu mpaka thelathini kwa sauti kunawapunguza mwendo watu wengi, kwa sababu kuanzia "kumi na moja" maneno yanarefuka. Hesabuni moja mpaka kumi mara tatu. Badilishaneni kila dakika mbili, kabla mtu hajachoka. Mbavu za mzee zinaweza kulia chini ya mkono. Rekebisha mahali ulipoweka mkono, usiache.

Sitara ina nafasi yake, na kila zamu inapaswa kuwa na mwanamke na mwanamme, lakini aliye karibu ndiye anayeanza. Kifua kinakandamizwa hata juu ya nguo nyepesi. Anayetaka kumsomea mgonjwa amsomee kichwani pake bila kuwazuia wanaofanya kazi. Na ikiwa daktari, mzee mwenyewe na jamaa zake walishakubaliana kwamba moyo ukisimama asihangaishwe, lazima iwe imeandikwa kwenye kadi na kusainiwa. Bila maandishi hayo, mhudumu wa usiku haamui, anaanza.

Yanayotosha maneno machache

Kuungua: maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, bila dawa ya meno, asali wala mafuta. Kuharisha: ORS pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, gilasi moja kila anapokwenda choo, ikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikwanguliwe juu, kwa lita moja. Wazee wawili wakiharisha maji matupu siku moja, itarifuni afya mara moja, kwani kipindupindu kimewahi kuvitembelea visiwa hivi zaidi ya mara moja. Homa yoyote ipimwe malaria, hasa kwa mzee ambaye ametembelewa na jamaa kutoka bara au amerudi kutoka huko karibuni.

Kupiga simu na kumkabidhi mgonjwa

Mtu aliyeshtuka husema "njooni haraka, mzee anakufa" kisha hukata. Wafundisheni mpangilio mmoja mpaka uwe mazoea: niko wapi, ni nani, nini kimetokea na saa ngapi, nimepima nini, naomba nini. Mfano:

"Assalamu alaykum daktari, napiga kutoka makaazi ya wazee, mimi ni mhudumu wa zamu. Nina bibi wa miaka 78 mwenye sukari na presha. Tumemkuta alfajiri saa kumi na moja mdomo umevutwa kulia, mkono wa kushoto hauinuki. Mara ya mwisho alikuwa mzima saa nne za usiku alipolala. Presha 180 kwa 100, sukari 7.2, oksijeni 96. Anatumia metfomini na amlodipini. Naomba gari sasa, na mtupokee."

Asikate mpaka aliyepokea arudie alichosikia. Saa ziandikwe kwa mtindo mmoja daftarini. "Saa 9 usiku" kwa mhudumu ni kabla ya alfajiri, lakini kwa anayesoma kwa saa za hospitali inaweza kuwa 21:00, na dawa ikahesabiwa vibaya. Andika 03:00, na pembeni "saa tisa usiku". Mlinzi afungue geti na kumpeleka mtu barabara kuu na tochi. Mzee asindikizwe na mhudumu anayemjua, kadi yake, dawa zake zote kwenye mfuko, miwani, meno ya bandia na kifaa cha masikio. Bila hivyo ataonekana hospitalini kuwa kachanganyikiwa zaidi ya alivyo.

Kuwafundisha

Semina ya siku nzima hotelini, mara moja kwa mwaka, haitoshi. Ustadi wa kukandamiza kifua huanza kupotea ndani ya miezi mitatu mpaka sita, na walioalikwa mara nyingi ni wasimamizi, huku mpishi na mlinzi wa usiku wakibaki kazini. Kinachofanya kazi ni robo saa kila wiki, ukumbini, wakati wa kukabidhiana zamu ili watu wa zamu zote mbili wawepo. Wiki ya kwanza kupaliwa, ya pili kuanguka, ya tatu sukari na kiharusi, ya nne asiyepumua, kisha mnarudia. Maneno dakika tatu, mikono dakika kumi na mbili.

Msipokuwa na mdoli wa mazoezi, mto uliojazwa sufi kwa kubana sana, ukawekwa ndani ya shati na kuwekwa sakafuni, unafaa kujifunza mkao wa mikono na mwendo. Haufai kupima kina. Kwa hilo ombeni hospitali au Msalaba Mwekundu wawaazime mdoli mara mbili kwa mwaka. Mapigo ya mgongoni na kubana tumbo yafanywe kwa ishara tu baina ya wahudumu. Kumbana kweli mtu mzima wa afya kunaweza kumuumiza.

Kila miezi mitatu fanyeni jaribio la usiku, bila kutangaza saa, taa zikiwa zimezimwa. Mmoja ajilaze chooni. Wazee waliolala karibu waambiwe jioni ili wasishtuke. Pimeni kwa saa: msaada wa pili umefika ndani ya dakika moja? Sanduku ndani ya mbili? Simu ndani ya tatu? Mara nyingi kinachochelewesha si ujuzi. Ni geti lililofungwa, simu iliyozima, au mhudumu mgeni aliyeogopa kumwamsha mkubwa wake bila ruhusa. Hili la mwisho litangazwe na msimamizi mbele ya wote: anayeita gari kwa nia njema halaumiwi, hata ikionekana baadaye haikuhitajika.

Mfanyakazi mpya asiachwe peke yake usiku mpaka aonyeshe kwa mikono yake mambo sita mbele ya muuguzi: kumlaza mzee ubavu, kupima sukari, kumsaidia aliyepaliwa, kukandamiza kifua kwa dakika mbili bila kupungua, kutonyanyua aliyeanguka, na kupiga simu kwa mpangilio. Muuguzi asaini daftarini, na baada ya miezi sita arudiwe.

Baada ya dharura ya kweli, ndani ya siku mbili, zamu husika ikae na muuguzi na kujibu: tuliona nini mwanzo, nini kilichelewa, nini kibadilishwe wiki hii. Majina ya wakosaji yasitafutwe, la sivyo mara ya pili hakuna atakayesema kweli. Mzee akiwa amefariki, mhudumu aliyekuwa naye asirudishwe zamu ya usiku peke yake siku inayofuata. Vilivyotumika virudishwe sandukuni kabla zamu haijaondoka, utepe mpya ubandikwe, tarehe na saini.